NGONJERA NA KITENDAWILI DARASANI: Uhakiki wa Sanaa kama Njia ya Kufundishia Masomo Mengine

Utangulizi

Ni jambo la kawaida siku hizi kuwasikia wataalamu wa elimu wakihimiza kwamba sanaa isiachwe ijitenge katika kipindi chake yenyewe, bali iingizwe katika mafundisho ya kila siku: hesabu zifundishwe kwa nyimbo na ususi, sayansi kwa michoro, historia kwa maigizo, na jiografia kwa mashairi. Rai hii ni njema, na mwandishi wa makala haya ni miongoni mwa wanaoiunga mkono. Hata hivyo, katika mjadala huo sanaa huzungumzwa kwa jumla mno, kana kwamba wimbo, ngonjera, kitendawili na tamthilia ni vyombo vya aina moja, na kana kwamba kazi yavyo darasani ni moja tu, yaani kumchangamsha mwanafunzi aliyechoka.

Mhakiki wa fasihi hawezi kuridhika na mtazamo huo. Kila utanzu una umbo lake, na kila umbo hupanga kwa namna yake uhusiano baina ya anayesema na anayesikiliza, baina ya anayejua na asiyejua. Utanzu unapoingia darasani huingia pamoja na uhusiano huo. Kwa hiyo swali la iwapo sanaa itumike kufundishia halitoshi. Yatupasa kuuliza pia: ni utanzu upi, kwa kazi ipi, nao umbo lake humfundisha nini mwanafunzi hata kabla maudhui hayajamfikia?

Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo kwa kuchunguza tanzu tatu zinazojulikana sana katika shule zetu, yaani ngonjera, kitendawili na tamthilia. Hoja yetu ni kwamba ngonjera, ambayo ndiyo iliyopendwa mno na walimu, hufaa kutangazia jambo lililokwisha kuamuliwa, lakini haifai kuchunguzia jambo ambalo mwanafunzi anapaswa kulifikiri. Kitendawili na tamthilia, kwa upande mwingine, zina nafasi ya shaka ndani yake, na bila ya shaka hapana elimu.

Sanaa katika mitaala yetu

Tangu uhuru, tume na kamati kadhaa zimeichunguza elimu ya Kenya: ya Ominde mwaka 1964, ya Gachathi mwaka 1976, na ya Mackay mwaka 1981, ambayo ndiyo iliyozaa mfumo wa 8-4-4. Mfumo huo ulipoanza mwaka 1985, muziki, sanaa na kazi za mikono zilipewa nafasi katika shule za msingi na zikatahiniwa. Baadaye, mzigo wa masomo ulipopunguzwa, zikaondolewa katika mtihani wa mwisho. Na kama ijulikanavyo, somo lisilotahiniwa katika shule zetu ni kama mgeni asiyewekewa kiti. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, umeirudishia sanaa heshima yake kwa jina.

Lakini katika vipindi vyote hivyo swali lililoulizwa lilikuwa lilelile: sanaa ipewe vipindi vingapi kwa juma? Swali la sanaa ndani ya masomo mengine halikupata mwenyewe, na kwa hakika liliachiwa tamasha. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na lile la Drama mwaka 1959. Kadiri miaka ilivyopita, tamasha hizi zikawa jukwaa la mashairi, ngonjera na nyimbo zenye mada za afya, mazingira, kodi, amani na kadhalika, mara nyingi kwa udhamini wa idara zinazotaka ujumbe wao uenezwe. Hapo ndipo mwalimu wa kawaida alipojifunza kuoanisha sanaa na maarifa. Hatuna nia ya kuzidharau tamasha hizo. Vipaji vingi vimezaliwa humo. Tunachosema ni kwamba fikira yetu ya sanaa ya kufundishia ilifinyangwa na jukwaa la mashindano, mahali ambapo anayesikiliza ni mwamuzi mwenye kalamu, wala si mwenzi anayetaka kuelewa.

Ngonjera ya udongo

Ili tusije tukaonekana tunawahukumu wengine, tutaanza na kosa la mwandishi mwenyewe.

Kabla ya kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili, nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili iliyo katika nchi ya milima. Mwaka mmoja tulitakiwa kuandaa utungo juu ya uhifadhi wa mazingira. Nilitunga ngonjera ya beti ishirini juu ya mmomonyoko wa udongo, beti kumi za Bwana Shamba na kumi za Mkulima. Kila mshororo ulikuwa na mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho havikutetereka hata mara moja. Mkulima wangu alikata miti ovyo na kulima kwa kufuata mteremko. Bwana Shamba alimwonya. Mkulima akabisha, akaonywa tena, akabisha kwa sauti ya chini zaidi, na katika ubeti wa kumi na tisa akatubu. Ubeti wa ishirini waliuimba pamoja. Wanafunzi waliikariri kwa muda wa siku nne. Tulishinda katika ngazi mbili, na cheti kikatundikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu.

Muhula uliofuata, mwalimu mwenzangu wa jiografia aliniletea karatasi ya mtihani. Swali lilimtaka mwanafunzi aeleze kwa nini mvua ileile huchukua udongo mwingi zaidi katika mteremko mkali kuliko katika mteremko wa taratibu. Kijana aliyekuwa ameigiza Bwana Shamba alikuwa amejibu kwa kuandika mishororo minne ya ngonjera yangu, vina vikiwa timamu.

"Mwalimu," mwenzangu akaniuliza, "hili nimsahihishie yeye au nikusahihishie wewe?"

Tulicheka. Baadaye nilimwita yule kijana, nikamwuliza mvua ikinyesha kwao nyumbani maji hufanya nini shambani. Alieleza bila kusita. Baba yake hulima kwa kuukingama mlima, na kati ya kipande na kipande huacha ukanda wa nyasi, kwa sababu maji yakienda mbio hayapati muda wa kuzama ardhini, na kadiri yanavyokimbia ndivyo yanavyobeba mengi; yakikutana na nyasi hupunguza mwendo, na mchanga waliobeba huanguka hapo. Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali, tena kwa ufasaha kuliko lililomo katika kitabu chao. Nikamwuliza mbona hakuyaandika hayo.

"Hayo ni ya nyumbani, mwalimu," akasema. "Kwenye ngonjera mkulima hajui kitu."

Kauli hiyo ndiyo chimbuko la makala haya. Kijana alikuwa na elimu, nami kwa sanaa yangu nilikuwa nimemfundisha kwamba elimu hiyo si elimu. Tena nilikuwa nimempa yeye nafasi ya mjuzi, na nafasi ya mjinga nikampa baba yake.

Umbo la ngonjera na yale linayoyafundisha

Mtu aweza kusema kwamba kosa lilikuwa la mtunzi, si la utanzu. Ni kweli kwa sehemu, kwani mtunzi mwingine angeweza kumpa mkulima maneno ya hekima. Lakini tukiuchunguza utanzu wenyewe tutaona kwamba ulinielekeza huko.

Ngonjera, kama tuijuavyo leo, ilipata umbo na umaarufu kwa juhudi za Mathias Mnyampala wa Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ngonjera zake zilichapishwa kwa jina la UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shabaha yake haikufichwa: ilikuwa kuwaeleza wananchi siasa mpya ya nchi kwa lugha tamu inayokaririka. Kwa kazi hiyo ilifaa sana, nayo ikavuka mpaka na kuingia katika shule za Kenya, ambako siasa iliyoizaa haikuwapo lakini umbo lake lilibaki.

Umbo hilo lina sifa tatu zinazotuhusu. Kwanza, ingawa wanaosema ni wawili au zaidi, anayetunga ni mmoja. Hapa ndipo ngonjera inapotofautiana na malumbano ya washairi wetu wa jadi. Katika malumbano kila mshairi hujitungia, naye hajui mwenzake atamjibu nini. Mshindi hutokea mwishoni, na pengine hatokei. Katika ngonjera mshindi ameteuliwa kabla ya ubeti wa kwanza. Pili, ujinga hupewa sauti ili usahihishwe tu. Asiyejua huuliza maswali ambayo majibu yake yamekwisha kuandikwa, na hubisha kwa hoja dhaifu zilizowekwa hapo ili ziangushwe. Tatu, utungo hufungwa kwa maafikiano. Hapana anayeondoka jukwaani akiwa bado anafikiri.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeigiza ngonjera hujifunza mambo mawili kwa pamoja. Hujifunza kwamba udongo huchukuliwa na maji, ambayo ndiyo maudhui. Hujifunza pia kwamba maarifa hutoka kwa mwenye cheo na kushuka kwa asiye nacho, na kwamba kujua ni kukubali. Hili la pili hakuna aliyelikusudia, wala hakuna aliyelitahini, lakini ndilo lililomkaa kijana wangu.

Hatuna budi kuongeza kwamba uhusiano huo wa Bwana Shamba na mkulima una historia katika nchi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Murang'a kuchimba makinga maji, kazi iliyowaangukia wanawake zaidi, nao wanawake wakaipinga. Kukinga maji si jambo baya; hata baba wa mwanafunzi wangu alikuwa akifanya hivyo kwa hiari yake. Kilichokataliwa ni amri isiyo na mazungumzo. Miongo mingi baadaye, mimi niliyezaliwa katika nchi huru nilimpandisha jukwaani Bwana Shamba yuleyule, nikampa mizani nane kwa nane, na nikapewa cheti.

Liko pia jambo la vina. Mahali pamoja katika ngonjera yangu palihitajika neno la kueleza mwendo wa maji. Neno hilo halikuwa na kina cha -ni, nami nilikitaka kina cha -ni. Nikaliacha, nikaweka "jamani". Washairi stadi hushinda kikwazo kama hiki, na ndiyo maana twawaita stadi. Lakini mwalimu mwenye siku nne za kuandaa utungo hulibana jambo lake mpaka lienee katika mizani, na linalokatwa kwa kawaida ni sababu, kwa kuwa sababu ni ndefu. Zinabaki amri na mshangao. Utungo uliokusudiwa kufundisha sayansi hubaki na kila kitu isipokuwa ile "kwa nini" ambayo ndiyo sayansi yenyewe. Kwa hiyo si kweli kwamba katika sanaa ya kufundishia ubora wa sanaa ni jambo la anasa. Shairi bovu huharibu somo vilevile linavyoharibu ushairi.

Matini na sharhi

Watetezi wa mashairi ya masomo hutoa hoja moja yenye uzito, nayo ni hoja ya kumbukumbu. Husema kwamba wazee wetu walifundisha kwa nudhumu kwa sababu maneno yenye mapigo hukaa kichwani. Hili ni kweli. Ibn Malik, mwanasarufi wa karne ya 13, aliiweka sarufi ya Kiarabu katika utungo wa beti zipatazo elfu moja, nao umesomwa katika madarasa ya Kiislamu katika nchi nyingi, pwani yetu ikiwamo. Ahmad bin Majid, nahodha wa karne ya 15, alitunga nudhumu za ubaharia zinazotaja nyota na njia za Bahari ya Hindi. Katika Kiswahili chenyewe, Mwana Kupona alimwachia binti yake wasia kwa umbo la utendi mwaka 1858.

Lakini tukitazama jinsi matini za aina hiyo zilivyosomwa, tutaona kwamba kukariri hakukuwa mwisho wa kazi. Mwanafunzi aliyehifadhi beti za sarufi alikaa mbele ya mwalimu akapewa sharhi: kila ubeti ulifunguliwa, mifano ikatolewa, yanayopingana yakatajwa, na hitilafu za wanazuoni zikaelezwa. Sharhi zikaandikwa, na wengine wakaandika maelezo juu ya sharhi hizo. Ubeti ulikuwa ni fundo la kamba ambalo mwalimu na mwanafunzi walikaa kulifungua. Vivyo hivyo, baharia aliyehifadhi nudhumu ya nyota alikuwa na mbingu juu yake usiku kucha za kumsahihisha.

Tamasha zetu ziliirithi nudhumu zikaiacha sharhi. Ngonjera ikishasemwa, makofi hupigwa na basi hupandwa. Endapo mwalimu wa jiografia angeichukua ngonjera yangu darasani na kuwataka wanafunzi waipinge ubeti kwa ubeti, waonyeshe palipokosekana sababu na waandike upya jibu la Mkulima, huenda ngonjera ileile, pamoja na udhaifu wake wote, ingekuwa somo zuri. Kukariri hakuna ubaya mradi kufuatwe na kufungua.

Kitendawili: utanzu unaoanza kwa kutojua

Tugeukie sasa utanzu ambao hauhitaji jukwaa, mavazi wala mwamuzi. Walimu wengi hukitumia kitendawili kama kiburudisho cha dakika tano za mwisho, au kama swali la Kiswahili katika mtihani. Twaamini kwamba thamani yake ni kubwa zaidi.

Umbo la kitendawili ni kinyume cha umbo la ngonjera. Anayetega haanzi kwa kueleza. Huanza kwa kusema jambo ambalo haliwezi kuwa kweli kama lilivyosemwa. Anayetegua hapewi jibu la kukariri. Hupewa mgongano baina ya maneno na vitu, akaachwa atafute njia. Akishindwa, jamii humtaka atoe mji, yaani kushindwa kunakubaliwa hadharani na kulipiwa gharama ya mchezo, bila ya kudhalilishwa. Tena jibu likitolewa, waliopo huweza kulikataa. Wanaweza kusema kwamba jibu jingine linafaa zaidi, na mtegaji hulazimika kutetea lake.

Tuchukue mfano unaojulikana na kila mtoto, ule wa nyumba isiyo na mlango, ambayo jibu lake ni yai. Katika kipindi cha Kiswahili tumezoea kuishia hapo. Lakini mwalimu wa sayansi aweza kuanzia hapo. Je, ni kweli nyumba hiyo haina mlango? Ikiwa haina, kifaranga anayekua ndani kwa siku 21 anavuta pumzi kwa njia ipi? Wanafunzi wabishane kwanza. Kisha mwalimu alete yai na sufuria ya maji ya moto, alitumbukize yai polepole, na darasa lione viputo vidogo vikitoka kwenye gamba, hasa upande wa butu. Hewa iliyo ndani imepata joto, imetanuka, na imepenya kwa vitundu vidogo sana ambavyo jicho halivioni, navyo ni maelfu katika gamba moja. Kumbe nyumba ina milango maelfu. Kitendawili kimekanushwa, na kwa kukanushwa kimefanya kazi yake.

Hapa sanaa haikulipamba somo. Ilitoa dai, na sayansi ikalipima dai hilo. Mwanafunzi amejifunza upitishaji wa hewa katika gamba la yai, na amejifunza pia kwamba usemi mtamu, hata wa wahenga, waweza kuulizwa. Hatudhani kwamba wahenga wangekasirika. Wao ndio waliotupa utanzu unaoanza kwa neno "tega".

Jambo kama hilo hutokea katika sanaa za mikono. Mwanamke wa pwani anayesuka ukili kwa miyaa ya rangi mbili huhesabu kila anapokunja. Kila mwaa hupita kwa mshazari, ukifika ukingoni hukunjwa na kurudi, na nakshi hujirudia baada ya idadi maalumu ya hatua. Akikosea moja, nakshi yote huhama. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, aliandika vitabu vingi juu ya jiometri iliyomo katika ususi wa Afrika. Mwalimu wa hesabu anayewaambia wanafunzi wachore ukili daftarini amewapa zoezi la kuchora. Anayewauliza nakshi hii itarudi baada ya miyaa mingapi, na kwa nini isirudi mapema zaidi, amewapa hesabu. Na akimwalika msusi mwenyewe darasani awasahihishe, amewapa pia jambo ambalo ngonjera yangu ilimnyima yule kijana, yaani kumwona mtu wa nyumbani akiwa ndiye mjuzi.

Tamthilia na swali la historia

Mfano wetu wa tatu ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Wengi wetu tuliisoma kama kitabu cha fasihi, na walimu wa historia wameitumia kuwahadithia wanafunzi Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Matumizi haya ya pili yana hatari, kwa sababu mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, si picha ya mtu wa historia. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Kinjeketile wa Hussein ni mtu anayesumbuliwa na neno alilolitoa mwenyewe, neno lililokwisha kuwa kubwa kuliko yeye.

Mwalimu anayeigeuza tamthilia hii kuwa kitabu cha historia ameikosea historia na ameikosea tamthilia. Lakini mwalimu anayeziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu amepata somo adimu. Awaulize wanafunzi: mtunzi amebadilisha nini, na kwa nini? Katika tamthilia, Kinjeketile anashtuka kwa yale aliyoyatamka alipopagawa, kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Je, historia ya biashara ya watumwa yatufanya tuuelewe vipi mshtuko huo? Mwishoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uwongo, naye anakataa. Je, alitenda sawa? Swali hili halina jibu katika mwongozo wa mwalimu. Tumewahi kuona wanafunzi waliokuwa wakisinzia katika somo la sababu na matokeo ya vita wakibishana juu ya swali hilo hadi kengele ikalia, na katika kubishana wakalazimika kurudi kwenye sababu na matokeo yaleyale ili wapate hoja.

Nilipokuwa ng'ambo nilikutana na kazi ya Dorothy Heathcote, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 2011, ambaye alitumia maigizo kufundishia masomo mengi. Jambo lililonivutia ni kwamba mara nyingi hakutumia maandishi ya kukariri. Yeye mwenyewe aliingia katika igizo akiwa mhusika, pengine mhusika asiyejua, akawaachia watoto uamuzi na mzigo wa kueleza. Niliona jinsi nilivyokuwa nimefanya kinyume. Lakini si lazima tuvuke bahari kutafuta mfano. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mradi wa elimu ya watu wazima ndio uliozaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika, lakini wakulima na wafanyakazi wa kijiji waliyasahihisha maandishi hayo, kwa sababu maisha yaliyosimuliwa yalikuwa yao. Serikali iliupiga mchezo huo marufuku mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Mtu aweza kuyakubali au kuyakataa maudhui yake. Kwa mwalimu, funzo lililomo ni kwamba aliyedhaniwa kuwa mjinga alipopewa kalamu, mchezo ulizidi kuwa bora na watu walizidi kujifunza.

Baadhi ya pingamizi

Walimu watasema kwamba kipindi ni dakika arobaini, darasa lina wanafunzi wengi kupita kiasi, na mtihani hauulizi kitendawili cha yai. Malalamiko hayo ni ya kweli, na wanaopanga mitaala wayasikie. Hata hivyo, ngonjera yangu ilichukua siku nne na nauli ya basi. Kitendawili huchukua dakika kumi, yai moja na maji ya moto.

Wengine watasema kwamba mwalimu wa hesabu au wa sayansi si msanii. Hapa ndipo idara zetu za lugha zina deni. Tumewazoesha walimu-wanafunzi kuhesabu mizani, kutaja tamathali za usemi na kubainisha dhamira, lakini si mara nyingi tumewauliza utanzu huu hufikiri vipi, na humweka wapi msikilizaji wake. Anayeujua utanzu kwa namna hii ataweza kumshauri mwenzake wa sayansi katika chumba cha walimu. Asiyeujua atamtungia ngonjera.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuingiza sanaa katika masomo yote si jambo la wingi wa nyimbo na maigizo. Twapendekeza kipimo chepesi: tukiiondoa sanaa katika somo fulani, je, kuna kufikiri kunakoondoka nayo, au kinachoondoka ni kelele na furaha tu? Ngonjera yangu ingeondolewa, mwanafunzi asingepoteza kitu ila mishororo minne. Kitendawili cha yai kikiondolewa, swali lenyewe linaondoka.

Hatusemi ngonjera itupwe. Kipindupindu kikiingia mtaani, hapana haja ya kitendawili. Watu waambiwe wachemshe maji, na waambiwe kwa vina vitakavyokaa. Lakini darasa si mtaa wenye kipindupindu, na mwanafunzi si mtu wa kutangaziwa kila kitu.

Kama ningepewa mada ile tena, nisingeandika beti ishirini. Ningeingia darasani na kutega: "Hushuka kila mvua, hajapanda hata siku moja." Wakitegua kwamba ni udongo, ningewauliza ni nani miongoni mwao ambaye kwao nyumbani wanajua namna ya kumzuia asishuke, kisha ningeketi nikamsikiliza yule kijana akieleza kazi ya baba yake.